Kila Herufi Mia Tano

Nimelipishwa mengi katika mji huu wa Njombe. Nimelipia choo kisicho na maji. Nimelipia ulinzi wa baiskeli ambayo iliibwa ikiwa inalindwa. Mwezi wa saba mwaka juzi nilimlipa kijana wa mahindi ya kuchoma ili anipashe vidole kwenye jiko lake, na kwa kuwa vidole vilikuwa havishiki noti, pesa alizitoa mwenyewe mfukoni mwangu. Hayo yote niliyasamehe. Lakini sarufi nilikuwa sijawahi kuilipia. Mwaka huu nimeilipia shilingi 39,500, nauli mbali, tena sarufi ya Kiingereza, lugha ambayo nilidhani tulishamalizana siku nilipochukua cheti changu cha kidato cha nne.

Cheti hicho kina D ya Kiingereza. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kunichimba. D ni kufaulu.

Nina steshenari ndogo karibu na soko. Ina mashine mbili za kutoa kopi. Moja inatoa, nyingine inatoa ikijisikia. Juni ikiingia, ukungu ukashuka mpaka huoni duka la jirani, zote mbili hugoma, hivyo kila jioni nazifunika blanketi, jambo ambalo mke wangu amelitaja zaidi ya mara moja mbele ya wageni. Kazi yangu kubwa ni kuchapa barua za maombi ya kazi pamoja na ile karatasi ya sifa ambayo vijana huiita sivii. Nimechapa sivii kwa miaka tisa. Naweza kusema nawafahamu vijana wote wa mkoa huu, maana wote ni mtu mmoja. Wote ni "hardworking, honest and I can work under minimum supervision". Sijawahi kumchapia kijana asiyeweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na sijawahi kumwajiri hata mmoja anayeweza.

Sikuwahi kuona ubaya wa sentensi hiyo. Kwangu mimi sentensi ilikuwa gunia la viazi. Unatia kinachoingia, unashindilia, kinachobaki unakishonea juu kwa kamba mpaka gunia linaota kichwa. Serikali inasema gunia lisizidi kilo 100 na lumbesa ni marufuku, lakini sijaona ofisa wa vipimo akisimamisha sentensi barabarani.

Kisha akaja shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, anakaa Makambako, na ana gesti. Asiyeijua Makambako aelewe kwamba ni njia panda iliyoamua kuwa mji. Ukitoka Dar es Salaam ukafika pale, ukinyoosha unakwenda Mbeya na Tunduma. Ukikata kushoto unakuja kwetu Njombe, kama kilomita 60 hivi, halafu Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita hapohapo. Usiku na mchana malori yanapita, mengi ya kwenda na kutoka Zambia na Kongo, na madereva wake wanachoka kama binadamu wengine. Shemeji alikuwa amewahesabu. Shemeji ni Mkinga, na Mkinga akiona kitu kinapita mbele ya mlango wake bila kumwachia hela, usingizi haumpati.

"Shemeji," akaniambia kwenye simu, "hawa Wazambia Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Kibao changu ni cha Kiswahili, wanakipita. Wewe si ndiye msomi wetu? Niandikie Kiingereza cha kuwasimamisha."

Katika ukoo wetu mwenye mashine ya kopi huhesabiwa profesa. Nikasema hilo dogo.

Usiku nilikaa nikaandika kwanza kwa Kiswahili, kama mtu makini: tuna maji ya moto, vyumba ni safi, pia kuegesha malori kwa usalama na utalala vizuri. Kisha nikatafsiri neno kwa neno bila kuruka hata moja, kwa sababu nilifundishwa kwamba kuruka ni uvivu. Likatoka hivi:

WE HAVE HOT WATER, ROOMS ARE CLEAN, ALSO TO PARK LORRIES SAFELY AND YOU WILL SLEEP WELL.

Nililisoma mara tatu kwa sauti. Mke wangu akauliza naombea nini.

Fundi wetu wa vibao anatoza kwa herufi, shilingi 500 kila moja, iwe nyembamba kama I au nene kama W. Mkato na nukta anatoa bure. Anasema hizo ni rangi inayodondoka yenyewe. Akahesabu kwa ncha ya brashi: herufi 69. Shilingi 34,500. Nikalipa mimi, kwa makubaliano kwamba shemeji atanirudishia wageni wakianza kuingia. Nimeshawaambia shemeji ni kabila gani.

Ubao ulikuwa wa paini, futi sita, na fundi hakupima. WE HAVE HOT WATER aliyaandika kwa herufi za kuonekana kutoka Songea. ROOMS ARE CLEAN zikapungua. Alipofika SLEEP WELL nafasi ilikuwa imemwishia, zikawa herufi za maelekezo ya dawa.

Sasa, nina mpwa, binti wa dada yangu. Amemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Wenzake kadhaa waliitwa JKT. Yeye jina halikutoka, kwa hiyo badala ya kwenda kukimbia mchakamchaka akaletwa dukani kwangu kusubiri matokeo. Jeshi limepona, nimeumia mimi. Alikuta kibao kimeegemea ukuta kinakauka.

"Mjomba, shikamoo. Nani ameandika hii?"

"Marahaba. Fundi."

"Siulizi aliyepaka rangi, mjomba. Nauliza aliyeandika."

Nikakaa kimya, kimya cha mtu mwenye D.

"Haina parallel structure," akasema.

Nilidhani anazungumzia ubao. Huku kwetu neno usilolijua mara nyingi ni kipimo cha mbao. Nikamwambia paini hiyo imenyooka, nimeichagua mwenyewe, tena imekaushwa. Akacheka, akavuta stuli, na tangu saa nne hadi saa saba mchana wateja wangu walijihudumia wenyewe.

Kwa Kiswahili cha darasani, alisema, huo ni usambamba. Vitu vilivyo kwenye orodha moja vivae sare moja. Ukianza na nomino, endelea na nomino. Ukianza na kitenzi, vinavyofuata viwe vitenzi vya umbo lilelile. "Sasa tazama, mjomba. Umeanza na 'we', yaani wenye gesti ndio wanaozungumza. Mara vyumba vinajisemea vyenyewe. Mara 'to park', hapo hajulikani anayesema. Mwisho 'you', mgeni kaingizwa kwenye maongezi bila hodi. Kibao kimoja kina wasemaji wanne, na mmoja wao hana mdomo."

Nikajitetea kwamba anayesoma ataelewa tu. Akauliza dereva mwenye tani thelathini mgongoni ana muda gani wa kumtafuta msemaji. Nikanyamaza tena. Siku hiyo nilinyamaza sana.

Ningeishia hapo hasara ingekuwa ya heshima peke yake. Lakini binti akafungua kompyuta, akaingia kwenye jalada la sivii za miaka tisa, na nikamsikia akivuta pumzi kama nesi anayefungua bandeji ya wiki mbili.

"Mjomba, 'hardworking' ni sifa. 'Honest' ni sifa. Halafu ghafla 'I can work', mtu kasimama kahutubia." Akaipunguza ikawa "hardworking, honest and reliable". Sifa, sifa, sifa. Nikakiri kwamba inateleza. Kijana wa kwanza kupewa ile mpya alirudi baada ya nusu saa akidai "under minimum supervision" yake. Wenzake wote wanayo. Kwa nini yeye aende kwenye usaili pungufu? Tena alikuwa ameshalipia ukurasa. Tukamrudishia.

Barua zangu mwenyewe nazo hazikusalimika. Alikuta moja niliyomwandikia mteja wa parachichi, nikijisifia hali ya hewa, kwamba "the cold of Njombe is greater than Dar es Salaam". Mpwa akauliza baridi imekuwaje kubwa kuliko jiji. Nikamwambia asome kwa nia njema: baridi ya Njombe ni kali kuliko ya Dar es Salaam. "Umeona hiyo 'ya'?" akasema. "Kwa Kiswahili umeisema bila kujijua. Baridi ya huku, ya kule. Ukivuka kwenda Kiingereza unaiacha mpakani." Kiingereza kinataka "that of Dar es Salaam", baridi ilinganishwe na baridi, si na majengo. Mteja yule hakujibu barua. Nilikuwa nimelilaumu parachichi.

Kilichonikera zaidi, kwa sababu kilikuwa cha kweli, ni habari ya "ku". Kwenye sehemu ya mambo anayopenda mwombaji, nusu ya vijana wangu wameandika "I like reading, to sing and football". Mimi ndiye niliyewachapia, na sikatai kwamba wengine niliwatungia. Nikamwuliza mpwa: kwani Kiswahili si tunasema napenda kusoma, kuimba na mpira? Kuna ubaya gani?

"Hakuna ubaya, mjomba. Ndiyo maana mnaanguka."

Kiswahili, alieleza, kina "kusoma" moja, nayo imeajiriwa kazi mbili kwa mshahara mmoja. Ni kitenzi: nataka kusoma. Ni jina: kusoma kwake kumetufilisi. Ndiyo maana inakaa na "mpira" kwenye orodha bila ugomvi, kwa kuwa pale wote ni majina. Mwingereza amempasua mtu huyo vipande viwili, "to read" na "reading", na vipande hivyo vina majirani wao. "Want" inamtaka "to read", mwenzake haimfungulii mlango. "Enjoy" inamtaka "reading", ukiipelekea "to read" inakurudisha naye. Hiyo "like" yenyewe inawapokea wote wawili, ila si kwenye karamu moja: ukishamkaribisha "reading", anayefuata awe "singing", na wa mwisho awe "playing football". Mswahili akitafsiri "kusoma" anachukua kipande kilicho karibu na mkono. Akitafsiri "kuimba" anachukua kile kingine. Akifika kwenye mpira amechoka. Kichwani mwake wote walikuwa na sare. Wamevuliwa njiani.

Hapo nikapandwa na hasira ya kizalendo. Wageni wakija kujifunza Kiswahili hulalamika kwamba ngeli ni nyingi, ki-vi, li-ya, u-i, kana kwamba tuliziweka ili kuwakomoa. Kumbe ngeli ndizo zinazotuchunga. Ukisema vyumba vyetu vyote vizuri vimejaa, kila neno limeshavaa sare kabla hujashika kalamu. Na "ka" je? Mchukue mtoto wa miaka minne wa mtaani kwetu, mwambie asimulie. Atasema babu aliamka, akanawa, akanywa ulanzi, akalala tena. Hakuna aliyemfundisha. Hatasema babu aliamka, akanawa, kunywa ulanzi na amelala. Mtoto huyohuyo msomeshe miaka saba kwa Kiswahili, kisha asubuhi moja mpeleke kidato cha kwanza, karibu masomo yote yageuke Kiingereza kabla hajajua dawati lake liko wapi, ndipo anaanza kupanda "to" kwenye shamba la "ing". Halafu mnamcheka.

Nilidhani hoja hiyo imemmaliza. Yeye akainuka, akabandua karatasi iliyokuwa ukutani kwangu tangu mwaka jana, tangazo nililolichapa mwenyewe kwa ajili ya mtaa fulani nisioutaja: "Wananchi mnatakiwa kuchangia madawati, usafi wa mazingira na watoto waende shule."

"Hiki nacho ni Kiingereza, mjomba?"

Hakikuwa Kiingereza. Nikakumbuka na kilichotokea. Watu walikuja mkutanoni wakiuliza mchango wa usafi ni shilingi ngapi kwa kaya, maana ile "kuchangia" ilikuwa imeshika madawati na usafi kwa mkono mmoja. Mzee mmoja akataka kujua kama na watoto wanachangiwa, na kama ni hivyo, wenye watoto tisa wanapewa au wanatoa. Mkutano ulichukua saa tatu kwa kukosa vitenzi viwili. Kuchangia madawati, kusafisha mazingira, kupeleka watoto shule, basi. Na mimi siku hiyo nilikaa nyuma nikitikisa kichwa, nikisikitikia watu wasiojua kusoma.

Kesho yake nilikibeba kibao hivyohivyo kwenda Makambako. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeshalipa 34,500, na mtu aliyelipa huwa na msimamo. Kondakta wa Kosta akasema kibao ni kirefu kuliko abiria, nikilipie siti. Tukasafiri mimi, kibao, na mama mwenye kuku wawili ambao hawakulipiwa kitu.

Shemeji alifurahi. "Kirefu!" akasema. "Kimekaa kisomi kabisa." Nikapumua. Bahati mbaya kwenye kibaraza cha gesti ile hukaa mzee mmoja mstaafu wa reli. Alifanya kazi TAZARA, zaidi kwenye kile kipande cha Mlimba hadi Makambako chenye mahandaki na madaraja, na siku hizi kila jioni hunywa chai ya tangawizi hapo akiyatazama malori kwa dharau. Kiingereza chake alikipata kwa Wazambia aliofanya nao kazi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti mpaka kwenye ALSO TO. Akasimama. Akarudi nyuma, akaanza upya, taratibu zaidi. Palepale akasimama tena.

"Hapa nimeacha reli," akasema.

Naapa sikuwa nimemweleza lolote kuhusu mpwa wangu. Mzee akavua miwani, akachovya kidole kwenye chai, akachora mistari miwili mezani. Reli ya TAZARA, kutoka chuma hiki hadi chuma hiki, ni milimita 1,067. Reli ya Kati, ile ya zamani, ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki vidole vinne vya mkono wangu. Lakini kwa vidole hivyo visivyotimia, behewa la huku halikanyagi kule. Pale Kidatu reli hizo zinapokutana, mzigo unashushwa huku ndipo upakiwe kule, kwa sababu tu waliojenga walipima kila mtu kivyake. "Sasa wewe, mwanangu," akaninyooshea kijiko, "umeweka Kidatu tatu kwenye ubao wa futi sita. Msomaji wako ni kushusha na kupakia, kushusha na kupakia. Atalala saa ngapi?"

Shemeji, ambaye hapendi kuachwa nje ya mazungumzo yanayofanyika kwenye kibaraza chake, akasema mbona reli ya umeme ni pana zaidi.

"1,435," mzee akajibu bila kumtazama. "Dar es Salaam hadi Dodoma, tangu 2024. Nchi nzima ina vipimo vitatu. Nyie kwenye ubao mmoja mna vinne."

Kisha akaanza kulalamika, na mzee akilalamika mimi husogeza kiti. Zamani, alisema, waliotunga maneno ya hadhara walijua kazi. Akahesabu kampeni za redio kwa vidole: Mtu ni Afya, 1973. Chakula ni Uhai, 1975. Misitu ni Mali, 1980. Na kabla ya hizo, 1972, Siasa ni Kilimo, azimio lililotolewa hapohapo Iringa, wakati huo sisi sote tukiwa mkoa wa Iringa, maana Njombe haikuwa mkoa hadi 2012. Jina, "ni", jina. Kitu ni kitu. Ya kwanza na ya pili zilimkuta akiwa mtoto wa shule, na hadi leo zote anazo kichwani pamoja na miaka yake. Nikajaribu kuwaza kampeni hizo kama zingepitia dukani kwangu kuchapwa: Mtu ni afya, chakula kinahitajika, pia kutunza misitu na siasa mtalima. Hakuna ambaye angechimba choo.

Shemeji hayo ya reli na redio hayakumgusa. Kilichomgusa ni karatasi niliyokuwa nimeificha mfukoni, ambayo mpwa aliniandikia nikajifanya siitaki. HOT WATER, CLEAN ROOMS, SAFE PARKING, SOUND SLEEP. Sifa na jina, sifa na jina, mara nne. Nikamwambia hizo ni herufi 39 badala ya 69. Akakokotoa kwa midomo. Herufi 30 pungufu, shilingi 15,000.

"Kumbe sarufi inapunguza gharama?" akauliza, kwa uchungu wa mtu aliyekaa shule miaka kumi na moja asiambiwe. "Mbona walimu hawakusema?"

Hata hivyo akagomea neno moja. "Sound" alikuwa analijua: ni sauti. Hataki kuwatangazia wageni usingizi wa sauti. Wakoromaji alionao wanamtosha. Nikampigia mpwa simu, akasema "sound" hapo maana yake ni usingizi mzito, wa raha. Shemeji akasema dereva wa lori hana namba ya mpwa wako. Ikawa GOOD SLEEP. Herufi 38, shilingi 19,000, na ile 500 iliyopungua aliisherehekea kwa kuniagizia soda, ambayo baadaye nililipa mimi.

Nikarudi Njombe na kibao, siti nikailipia tena. Fundi akatoza 5,000 ya rangi nyeupe ya kufutia, akidai kufuta Kiingereza ni kazi kubwa kuliko kukiandika. Safari hii alipima. Shemeji, nisimsingizie, alinirudishia ile 19,000 ya maneno yaliyotumika. Ile 34,500 ya mwanzo alisema hiyo ni ada yangu ya shule. Na 5,000? Hiyo ya sare.

Kibao sasa kimesimama kando ya barabara, kinawatazama wanaotoka Tunduma. Nilikuwepo jioni lori la kwanza la Zambia lilipokata kona kuingia. Dereva akashuka, akajinyoosha mgongo, akakisoma kibao chote juu hadi chini bila kusimama mahali popote. Mzee wa reli akanigusa kiwiko. Kisha dereva akamgeukia shemeji, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka cha mtu aliyekwenda bandarini Dar es Salaam miaka na miaka:

"Bosi, shikamoo. Hayo maji ya moto yapo kweli?"

"Yapo," shemeji akasema. "Yanachemka."

Yalichemka kwa kuni, yakafika saa tano usiku, nusu ndoo. Chumba kilikuwa kimefagiliwa upande wa mlangoni. Saa nane usiku treni ya mizigo ikapiga honi kama inamwita mtu kwa jina, na ilipomaliza malori yakapokezana kushika breki mpaka alfajiri. Asubuhi dereva akatoka macho mekundu, akalizunguka lori lake, akahesabu matairi. Yote yalikuwepo. Akatushukuru akaondoka.

Nilimsimulia mpwa wangu. Nikamwuliza imekuwaje maneno yasiyo na kosa hata moja la sarufi yakawa na uongo mara tatu. Akasema ukweli haumo kwenye HKL.

Kwa hiyo, msomaji, ukipita Makambako ukakiona kibao cheupe chenye maneno manane yaliyopangwa mawili mawili, kata kona bila wasiwasi, maegesho ni salama. Ila njoo na blanketi, maji umeshaoga ulikotoka, pia kuziba masikio.